Stelingi

Kwenye daftari la lango la Machame,
safu ya kazi, aliandika: mstaafu.
Miaka sitini na nane.
Nilikuwa nyuma yake, begi lake kichwani,
kilo ishirini kwa mizani ya hifadhi,
nikaiona shingo. Ile shingo.

Shingo ile niliilipia shilingi hamsini hamsini
kwa Baba Ndekirwa, Majengo,
mabenchi ya mabanzi, turubai lenye viraka,
sisi sare za shule tumezigeuza ndani nje.
Medoki! Akipigwa, tunanyamaza.
Akiinuka, banda zima linainuka.
Stelingi hafi: hilo tulilijua kabla ya jedwali la saba.

Pasua kulikuwa na Kinyozi Medoki,
amechorwa ukutani, sikio moja kubwa kuliko jingine.
Kule Rombo mtu alimbatiza mwanawe jina hilo;
padri alibisha, halafu akaandika.

Kambi ya Shira, wagumu wakampigia makofi na masufuria.
Wenzake wa msafara, Wamarekani wanane,
wakatuuliza: kwani huyu ni nani?
Tukadhani wanatania.
Daktari wa meno kutoka Ohayo akamgeukia, akamtazama
kama mtu aliyekalia sanduku siku tatu
bila kuuliza lina nini.

Mwenyewe akacheka. Filamu zake, alisema,
kwao hazikuingia hata jumba moja la sinema,
zilitiwa kwenye makasha, zikapakiwa, zikaenda.
"Jirani yangu anajua nina mbwa. Basi."

Nikamwomba aseme lile neno lake la mwisho,
pale mlangoni, bunduki ishirini zikimwelekea:
Mlima haukimbii. Nyinyi mtakimbilia wapi?
Anaeli, kiongozi wetu, akamtafsiria.
Mzee akakunja uso, akatafuta, akapata.
"Hapana. Pale nilisema: funga mlango, kuna baridi."

Ndekirwa!
Marehemu Ndekirwa na kipaza sauti chake cha kanisani,
darasa la nne, Kiingereza cha kubahatisha,
kumbe ndiye aliyekuwa akitutungia Marekani nzima.

Barafu, saa sita usiku, Medoki alitapika.
Anaeli akambana kipimo kidoleni,
akasoma, akatikisa kichwa.
Wanane wakapanda na vitaa vyao.
Daktari wa meno alifika, cheti anacho.
Yeye akabaki na mimi, tungoje kuche nimshushe.
Machozi au kamasi, sikumulika.
Nikamwambia kwa Kiswahili,
maana ndiyo lugha niliyomjua nayo,
mlima haukimbii.

Akajibu maneno machache, meno yanagongana.
Safari hii sikuhitaji mkalimani.
Nikavuta zipu ya hema mpaka chini.