Makabidhiano

Magesa, funguo ni nne.
Mmoja wa ofisi, mmoja wa stoo ya dawa,
mmoja wa choo cha wageni. Wa nne haufungui kitu.
Nimeutunza miaka kumi na sita; nawe usiutupe,
siku ukiutupa ndipo mlango wake utakapotokea.

Kiti cha magurudumu namba sita kinavuta kushoto.
Tambarare kinavumilika. Igogo hakipandi,
wala namba saba, wala kile kipya chenye nembo ya wafadhili:
kule kilimani mawe yalitangulia,
nyumba zikaja baadaye kuomba nafasi.
Kiache dukani kwa Limi, fundi cherehani,
umbebe mtu mgongoni.
Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Walisema tu. Hawakumbeba Mzee Masatu mwezi wa nne,
jiwe limelowa, naye amekushika masikio kama usukani
anakuelekeza njia anayoijua yote
ila hatua zake.

Bibi Nyamisi haoni. Anakufahamu kwa mwendo.
Mara ya kwanza nenda na Nkwimba, mtembee sambamba,
na viatu usibadilishe mpaka mwaka uishe.
Dawa ya presha anaificha kwenye kopo la majani ya chai,
anameza nusu, nusu anampa jirani
ambaye hayumo kwenye orodha yetu.
Usigombe. Mwandikishe jirani.

Ndani ya kabati, chini, kuna daftari jekundu: madeni.
Famasi ya Kirumba inatudai; mwenyewe ni mpole
mpaka tarehe ishirini.
Bodi hukutana Alhamisi ya mwisho. Mwenyekiti atakuuliza,
"Wanufaika wangapi?" Mpe tarakimu, anapenda tarakimu,
kisha mtaje mmoja kwa jina,
hata kama ameanza kutazama saa.

Sasa hili halimo kwenye taarifa.

Mwaka ule fedha zilipokatika
nilikaa ofisini usiku. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa,
wanaanguka juu ya karatasi, nawapangusa kwa rula,
na kwa rula ileile nikapiga mstari majina tisa.
Sikwenda kuwaambia. Nilikuwa na warsha Dodoma,
warsha ya uongozi, tulipewa mkoba.
Nilimtuma dereva. Dereva akawaambia wanane,
alipofika kwa Kabula akaamkia,
akanywa maji aliyopewa, akarudi.

Kabula alichuna minofu ya sangara kiwandani
miaka kumi na minne, kisu kikiufuata mwiba
kama aliyeuchora ni yeye,
mpaka kiharusi kikamwachia upande mmoja.
Kila Jumanne alioga, akavaa gauni la kijani,
akaketi mlangoni na beseni la maji ya moto ubavuni,
tayari kwa mazoezi ya mkono.
Maji yakapoa. Akayamwagia mchicha.
Jumanne sita, Magesa. Mchicha ule ulistawi.
Ya saba nilipita mwenyewe, nikienda kwingine,
na nilishamwona kabla sijaweza kugeuka.
Hakunilaumu. Alisogeza kigoda.
Akasema, "Leo mmechelewa."

Tangu hapo kuna kanuni moja. Bodi haijaipitisha,
sikuwahi kuipeleka, ningeulizwa imetoka wapi:
anayekata jina, apande mwenyewe akalisema.
Utashangaa jinsi kalamu inavyokuwa nzito.
Utashangaa pia, mara nyingine itabidi ukate.

Mengine utayaona. Kiti cha mkurugenzi kina mguu mfupi,
nimeuwekea kipande cha boksi la glavu,
lakini ukiegemea sana bado kinakurusha.
Mwaka juzi tulipata fedha za kununua kingine.
Tukanunua magongo.

Upepo ukitoka ziwani ofisi nzima hunuka dagaa;
wageni watafunga madirisha, wewe fungua wakiondoka.

Keshokutwa ni Jumanne.
Kabula ni mkono wa kushoto.
Anza na kidole gumba, taratibu,
na ufike maji yangali moto.