Vigae Navyo Vilibebwa

Kaka yangu Amnun aliondoka Jumatatu,
yeye, mke, watoto watatu na masanduku saba,
na katika kukumbatiana mlangoni kiwiko cha mtu
(sitasema cha nani)
kiliangusha buli la mama.

Buhara, mwezi wa kwanza. Theluji juu ya kuta za udongo,
mforsadi wa uani umebaki mifupa.
Niliokota vipande nikavitia kwenye leso:
kumi na vinne, na unga kidogo wa kaure.
Siku mbili sikuwasha tanuri.

Kuna maneno tunayoyasema tukiwa bado kitandani,
kabla ya kunawa, kabla mguu haujagusa sakafu:
ahsante, umenirudishia roho yangu.
Siku hizo mbili sikuyasema.
Nilijiuliza, irudi kufanya nini
katika mtaa ambao moshi unatoka nyumba nne tu?

Siku ya tatu nikaenda kwa Mazol, mjane wa mshona kaure,
anayetafuna mbegu za alizeti
na kutema maganda kwenye kopo la samaki.
Mikono humtetemeka mpaka ashike kekee;
akiishika, hutulia kama mtoto aliyepewa titi.

"Ni la kutupa," nikamwambia. "Nimelileta kwa mazoea tu."
Hakuinua macho.
"Musa aliposhuka mlimani akavivunja vile vibao,
unajua vigae vyake viliishia wapi?"
Najua. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua:
vilitiwa ndani ya sanduku lile lile,
ubavuni mwa vibao vipya, vizima,
vikabebwa jangwani miaka na miaka.
"Na vilikuwa vizito," akasema. "Jiwe ni jiwe.
Wabebaji walinung'unika, nakuapia. Lete leso."

Pini kumi na moja za shaba, nyembamba kama miguu ya siafu.
Kigae kimoja hakikuonekana, cha chini ya mdomo;
akaziba kwa chokaa na ute wa yai.
"Litashika chai?"
"Litashika. Litavuja tone. Usije ukanililia kwa tone."

Sabato hiyo wanaume walikuwa wanane.
Sala inataka kumi.
Hizkiyo mwuza vitambaa alikunja zulia
akalisukuma chini ya mlango, upepo usiufunge,
wakaketi na makoti yao wakisimuliana magoti yanavyouma.
Wa tisa alikuja, akikohoa.
Wa kumi hakuja.
Walisema sala zinazosemeka kwa watu tisa,
wakaondoka. Zulia waliliacha pale pale.

Leo nimeamka gizani, umeme hakuna.
Nimeyasema maneno, kwa hasira kidogo:
umenirudishia, haya, nipe na kazi yake.
Mwishoni yanasema, imani yako ni kubwa.
Utotoni nilidhani tunajisifu sisi.
Kumbe ni yake Yeye, kwetu,
mkopeshaji anayemrudishia mdeni kila alfajiri
rehani ambayo haijakombolewa.

Maji yamechemka. Nimemimina.
Tone limetoka chini ya mdomo,
likatambaa juu ya pini ya tatu, likasita,
likaanguka.
Nimeweka bakuli hapo.
Naenda kuwasha tanuri.