Abiria wa Bweni C

Treni ya karanga, wanasema, hupita saa tisa usiku
katikati ya Bweni C, chumba cha kumi na nne,
mle mle ilimolala reli
iliyong'olewa kabla baba zetu hawajaingia jandoni.
Huanza kikombe kutetemeka juu ya mfuniko wa ndoo.
Kisha harufu: si moshi, ni karanga mbichi
na udongo mwekundu wa Nachingwea uliolowa.

Tulipofika mwaka wa kwanza, magodoro kichwani,
tuliukuta ubeti nyuma ya mlango,
umechongwa kwa ncha ya bikari:

    Ukisikia ngurumo, na reli hakuna katu,
    Funika macho na domo, uvue vyako viatu,
    Hubeba pasi kikomo, haishushi hata mtu,
    Kesho utaitwa jina, hutaitika mwenzetu.

Tulicheka.
Usiku tukavua kandambili.

Sasa nikiri.
Yule mwanamke wa kwenye tangi la maji,
anayetembea na ndoo isiyojaa,
nilimtunga mimi.
Mimi na Mwajabu Mchopa, Jumanne moja, wali umeungua.
Tukampa miguu iliyogeukia nyuma,
tukamwongezea kikohozi.
Ilibidi atishe. Somoe Nangomwa
alikuwa na mimba ya miezi sita,
na sheria ya chuo juu ya jambo hilo
ilikuwa mstari mmoja, haina mkato wala nukta.
Mchana alijifunga khanga mbili, akakaa dawati la nyuma.
Usiku alihitaji mahali pa kunyoosha mgongo,
pa kulia bila matroni kuuliza kulikoni.
Tangi lilikuwa mbali. Woga tukaufanya ukuta.
Hata mlinzi Chilumba, aliyejigamba kuua chui kwa panga,
akawa anazungukia jikoni.

Wiki ya mitihani tukaamka, kitanda kimetandikwa.
Chini ya mto wangu palikuwa na ming'oko mitatu
ya kuchemsha, bado ina joto.
Aliyeita majina alisema "Somoe" mara mbili,
akapapasa mfukoni kutafuta kalamu nyekundu.
Hatukufungua mdomo.
Tulikuwa na mtihani wa Takwimu.

Mwaka huu nimerudi, kusimamia.
Umeme ukakatika; wasichana wakanizunguka,
simu zao zikiwamulika kidevuni,
wakanisimulia mzimu wao.
Miguu nyuma, sawa. Kikohozi, sawa.
Lakini mmoja, mwembamba, mtoto wa Nanyamba, akasema:
"Anavaa kitenge cha bluu, chenye mabibo ya njano.
Hamtishi mtu, madamu. Anauliza tu
kama treni imeshapita."

Kitenge hicho sikuwahi kumtajia mtu.

Nilitaka kuwaambia: huyo si mzimu,
huyo alipata B ya Saikolojia, alikuwa anakoroma,
ananidai shilingi mia nne za sabuni.
Nikasema, "Laleni."

Saa tisa, kikombe changu kikaanza kugonga ndoo.
Nilikuwa nimekaa kitandani, nimevaa viatu,
kamba nimezifunga
fundo mbili mbili.