Subira Havuti Mtu

Kadi ya kliniki imeandikwa kwa penseli:
Mtoto wa Asumini Chilumba, ke, kilo mbili na robo.
Nesi alisema penseli inafutika,
mkishakubaliana njooni na kalamu.
Leo siku ya sita. Kesho nywele zinanyolewa,
na mtoto bado anaitwa Huyu.

Jina la kwanza halikutupa kazi.
Miaka saba tulimngoja,
saba ya kukaa kwenye harusi za wenzangu
nikipewa mtoto wa mtu nimshike kidogo.
Hivyo alipolia tu, Newala nzima ililitamka:
Subira.

Basi huyu wa pili, wanasema, kaja na jina lake mkononi.
Mama mkwe kalileta toka Mikindani kwa basi la alfajiri,
kalifunga kwenye pindo la kanga na noti ya elfu kumi:
"Heri. Mwanaheri ukipenda. Kwani subira huvuta nini?"
Na chumba kizima,
hata muuza mihogo aliyekuwa anapita dirishani,
kikaitikia: "Heri!"
Wakagongana viganja, kama kitendawili kimeteguliwa.

Nikamtazama Subira mlangoni.
Ana miaka minne, kashika mkia wa paka,
magoti yana salfa, katoka na baba yake mikoroshoni.
Nikaiona kamba begani mwake.
Nikamwona anavuta,
shuleni anavuta, unyagoni anavuta,
siku ya ndoa yake anavuta,
na mdogo wake kakaa juu ya mzigo anakula embe.
Nikasema: hapana, mama.
Mwanangu si punda wa methali.

Kimya kikaingia, kikavua viatu, kikakaa mkekani.

Mjomba Nantepa, na kwetu mjomba akisema kasema,
akakohoa: msimu uliopita bei ilisimama vizuri,
kwa nini tusimwite Mnada?
Shangazi Fatu akataka Sabra,
yafanane, yaende pamoja kama doti.
Lakini doti hukatwa, shangazi,
moja kiunoni, moja kichwani,
na ile ya kiunoni ndiyo inayochakaa kwanza.

Mfaume hakusema kitu. Alikuwa anahesabu ndoo:
tatu za mtoto, mbili za wageni,
na bomba halijatoa maji tangu Jumatatu.
Usiku ndipo aliponiambia, uso umeelekea ukutani:
"Jina hupimwa kwa kuitwa.
Ita yote mawili, kama unaita watu waje kula."

Nikafungua mlango wa uani,
nikatoa nusu mwili tu, maana arobaini yangu bado.
Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye karo.
Subira! Heri! Ikawa mawaidha.
Subira! Sabra! Ulimi ukajikwaa.
Subira! Mnada!
Mbwa wa jirani akabweka,
nikacheka peke yangu mpaka mshono ukauma.

Halafu nikakumbuka ile asubuhi ya zahanati.
Nguo za kichanga nilikuwa nimeshagawa,
beseni nimegawa, chandarua kidogo nimegawa.
Nilikwenda na homa, nikaomba dawa ya malaria.
Daktari akasoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena.
Mdomo ukafunguka wenyewe:
Subira! Sikudhani!

Si jina geni huku. Mmoja alikuwa akiuza vitumbua stendi.
Halijifanyi baraka, wala halimdai mtu.
Na ukiyaita yote mawili kwa pumzi moja
yanakuwa maneno niliyokuwa nayatafuta
ya kumwambia mwanangu wa kwanza.

Mama mkwe kanuna tangu chai.
Kwake yeye ni Heri, kasema, mpaka kaburini.
Aite. Mtoto ana masikio mawili.

Subira kapanda kitandani bila kunawa miguu,
kaweka mdomo sikioni mwa Huyu,
kaliita jina mara moja, taratibu, kama anaonja uji.
Kisha kaniuliza
kama Sikudhani naye anaruhusiwa
kushika mkia wa paka.