Haisikiki

Kazi yangu ni masikio: nachapa
yasemwayo kwenye kanda za polisi wa Milwaukee.
Pasipoeleweka, kanuni yasema,
andika: haisikiki.

Leo ni Terrell Boudry, fundi wa mabomba.
Saa nne usiku, theluji, taa ya nyuma imeungua.
Kamera iko kifuani mwa askari,
kwa hiyo askari haonekani; ni mikono tu,
na pumzi ndefu ya mtu asiye na haraka.

Dakika ya sita, shavu liko kwenye barafu.
Nimerudisha mara kumi na moja.
Anataja funguo. Anasema mbwa hajala.
Kisha anamwita "bwana" yule aliyemkalia mgongoni,
bwana, kwa adabu,
kama mama zetu weusi wanavyotufunza
kabla hata ya kutufunza kuendesha gari.

Msimamizi amechora duara jekundu:
Una hakika? Wenzako wawili hawakusikia kitu.

Nimevua vipokea sauti. Chai imepoa.
Nimevivaa tena.

Nikafuta duara. Nikaacha mbwa,
nikaacha funguo, nikaacha kila bwana,
nikawahesabu: tisa.
Chini nikaandika jina langu kamili,
Odessa Pruitt,
nimesikia.