Haradi Hataki Dawa

Jumamosi, Ganjoni, orofa ya tatu, juu ya duka la mabetri.
Kitsao amekunjua ramani:
kalenda ya mwaka juzi, kaigeuza mgongo,
milima kaichora kwa kalamu ya buluu,
barafu kaiacha nyeupe, kuokoa wino.
Kizibo cha soda ndiyo merikebu yangu.
Watu arubaini wamo ndani,
na ng'ombe tutakaowaiba bado wanalala kwa wenyewe.

Mchana mimi ni karani wa forodha,
nagonga mihuri, nasema "ndiyo bosi" hadi ulimi waota sugu.
Usiku huu nina ndevu za kusukwa mikia mitatu,
nina shoka, nina deni la damu na mfalme fulani,
na theluji, niijuayo kwa friza la duka la samaki tu,
yanifika magotini.

Juzer, mvunja kufuli wetu, aniambia: jitambulishe.
Nasimama. Kiti chalia.

    Mimi Haradi wa shoka, mwana wa nchi baridi,
    Ngome ngapi nimevuka, nikafunga wakaidi,
    Uchawi sitautaka, wala dawa ya hasidi,
    Nikifa nife kwa chuma, sio kwa moshi wa udi!

Wanapiga meza. Munira hapigi.
Yeye ndiye mchawi wa kundi, ana fimbo, ana vitabu saba,
na tangu Rajabu nimemkatalia kila kitu:
ngao ya mwanga, nikasema la;
viatu vya kupaa, nikavitupa mtoni;
upanga uimbao, nikauuza kwa gunia la shayiri.
"Wewe huchezi," asema, akichovya kiazi karai kwenye ukwaju.
"Wewe wagomba na mtu."

Sikumjibu.
Salmin, ndugu yangu, alikuwa pale pembeni akipanga dadu kwa rangi.
Alikuwa na miaka sita homa ilipomkaza shingo.
Nyumbani ikaandikwa sahani kwa zafarani,
ikaoshwa kwa marashi, akanyweshwa.
Akaja mtu wa pili, na kuku mweusi.
Wa tatu akaja na bei.
Siku ya tisa ndipo tukampakia tuktuk kwenda Makadara,
na daktari akauliza swali moja tu:
mlikuwa wapi?
Salmin aliamka. Masikio hayakuamka.
Na waliomnywesha walimpenda.
Hapo ndipo shoka langu halikati.

Basi saa nne na ushei, kwenye daraja la barafu,
mkuki wamwingia Haradi chini ya mbavu.
Kitsao ahesabu: umebakiwa na pumzi moja.
Munira anyosha mkono juu ya sahani za viazi.
"Nikuponye? Neno moja tu. Sema naam."
"Sitaki dawa."
"Utakufa, mjinga wewe."
"Nipe dadu."

Ile nyekundu, ya nyuso ishirini, iliyolika pembe.
Naifumbata, naipuliza mara tatu,
na Juzer acheka hadi tangawizi yamtoka puani:
"Haradi! Na hiyo nayo ni nini?"

Papo hapo stima ikapotea.
Dadu lilikuwa limeshanitoka mkononi.
Twalisikia gizani likigonga kikombe, likigonga kijiko,
halafu hatulisikii.
Simu ya Juzer haina chaji. Ya Munira iko chini ya vitabu saba.

Lakini Salmin alikuwa ameweka kiganja juu ya mbao tangu mwanzo,
yeye ndiye aliyejua liliposimama.
Akalifuata, akaupapasa uso wa juu kwa ncha ya kidole,
akaurudia.
Kisha akanishika mkono, akaukunjua,
akaniandikia
tarakimu ya kwanza,
akasita,
akaandika ya pili.

"Ngapi?" Kitsao auliza. "Haradi! Ngapi?"

Kidole chake kilikuwa na ukwaju.
Sikusema kitu.
Kiganja nilikikunja kama kikombe
nisije nikamwaga.