Kufua

Wiki ya kwanza kila mmoja alipewa bonge la pua,
tupa moja, na jiriwa lenye meno yaliyolika.
"Nataka pande sita zilizo sawa,"
akasema Bwana Hruška, akaenda zake kunywa kahawa.

Hapa Kladno tanuu zilizimwa kabla sijazaliwa.
Babu alizikwa na madoa vidoleni yaliyoishinda sabuni.
Mama hufua mashuka ya hospitali.
Nilimwambia: nami nitafua, ila chuma.
Hakucheka.

Tupa ikienda hula, ikirudi sharti inyanyuliwe.
Nilijua hilo siku ya nne, nimekwisha ua mbili.

Hruška huja na guni, huliegemeza kwenye kazi yako,
huinua vyote viwili kuelekea dirishani,
dirisha la Novemba, ukungu mtupu.
"Unaona nini?"
"Mwanga, Bwana."
"Basi hujamaliza."
Kwingine kote nilifundishwa kuutafuta mwanga.
Hapa nautafuta niufungie nje.

Nikisawazisha upande huu, ule unapinda.
Nikiufuata ule, wa tatu unaniaga.
Milimita themanini zikawa hamsini, zikawa thelathini na moja.
Usiku nikipenga, pua inatoka puani.

Bořek wa meza ya pili alishaanza nyundo yake.
Bonge langu halikutosha tena nyundo ya mtu yeyote.
Nikalipeleka kwenye ndoo ya mabaki.

"Lipime kwanza," sauti ikasema nyuma yangu.
Kumi na tisa. Kumi na tisa. Kumi na tisa.
Akaliinua dirishani, akakawia.
"Unaona nini?"
Bomba la joto. Kunguru mmoja juu ya ukuta.
Kati ya guni na chuma, giza jembamba lililonyooka.

Akanikabidhi koleo.
"Sasa litie motoni."

Wiki saba za kona! Nasema kweli, nililia kidogo.
Ludiše akazima taa, maana rangi ya moto
haisomeki kwenye nuru.
Lilipoiva nikalitoa, nikafua.
Kona zote nane ziliisha kwa mapigo ishirini,
likarefuka, likawa kama kidole changu cha kati.
Nikalitupia ncha. Nikalichovya kwenye mafuta, likapiga yowe.
Nikalipasha tena, polepole, hadi rangi ya nyasi kavu
ilipotambaa ikafika nchani. Hapo nikalizima.

Likawa panchi.

Bořek akaiazima, atie alama ya tundu la mpini.
Pigo moja: kishimo, kama punje ya haradali.
Akairudisha bila asante. Nikaitia mfukoni.

Jumamosi Mama aliikuta alipokuwa akifua ovaroli.
Ilikwisha toboa mfuko.
Akaijaribu ncha kwa kidole gumba, akavuta pumzi,
akaiweka rafuni,
kando ya miwani ya Babu.